Mto wa Manyoya ya Mbuzi wa Theluji

Wifi yangu Kaltham hajui kukaa. Nimeishi naye ua mmoja hapa Ibra miaka thelathini na nne, na sijapata kumwona amemaliza kikombe cha kahawa alichokianza. Atamimina, atakunywa nusu, ataona zulia limekunjika pembeni, atainuka. Akirudi kahawa imepoa, atamimina nyingine. Kaka yangu Khalaf, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kaoa mshale wa sekunde. Mimi Aliya ni wifi mtu, na maneno ya wifi hupunguzwa nusu kabla ya kuaminiwa, lakini hili la kutokaa muulizeni yeyote.

Alizaliwa Wete, Pemba. Alikuja Oman na wazee wake akiwa na miaka kumi na miwili, Kiarabu chake cha kusalia tu. Akasoma, akaolewa, akaajiriwa kwenye kliniki moja ya Mudhaibi kutunza mafaili ya wagonjwa, na kazi hiyo akaifanya miaka ishirini na minane, akienda na kurudi kwa gari za watu. Leseni aliijaribu mara tano. Mara zote tano mkaguzi alimwambia asimamishe gari, wakabadilishana viti, wakarudi.

Alipostaafu tulidhani atapumzika na atatupumzisha. Badala yake akaanza kuwamba ngoma. Mjomba wake huko Wete alikuwa fundi, na yeye utotoni alikuwa akimshikia kamba. Basi akaanza na zile ndogo za kidumbak, za harusi, na kabla ya mwaka kwisha hakuna nyumba ya watu wa Unguja na Pemba kutoka Ibra mpaka Sur iliyoozesha bila ngoma ya Kaltham. Ngozi alinunua soko la mbuzi. Wengine huiloweka ngozi kwenye chokaa ili manyoya yatoke yenyewe. Yeye hataki hata kusikia. Mjomba alimfundisha kuwa chokaa huua sauti. Ngozi hupakwa jivu, ikaachwa ikauka, kisha ikakwanguliwa kavu kwa kigae cha chupa. Ukipita barazani kwake siku hiyo unakuta vumbi limempanda mpaka kwenye kope, na yeye anaimba.

Sasa huyu Kaltham ana watoto wawili wa kiume. Mkubwa ni Osama, yuko Nizwa na mkewe Abeer na mtoto wao wa kwanza, Yazeed, ambaye siku ninazozisimulia alikuwa na miezi mitatu na nusu. Mdogo ni Laith, ambaye anasoma uhandisi wa gesi kaskazini kabisa ya Urusi, mahali ambapo miti imekata tamaa ya kuota na ardhi chini imeganda mwaka mzima kama nyama kwenye friza. Wenyewe wanapaita tundra. Wanafuga huko wanyama wa mapembe marefu, na wanawachunga kama watu wa milima yetu ya Dima wa Tayyin wanavyochunga mbuzi. Sisi tuliwaona kwenye picha za Laith tukawapa jina la mbuzi wa theluji.

Laith alinunua kwa mfugaji mmoja ngozi mbili za mbuzi hao, akampa mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani likizo, zikamfikia mama yake. Siku ile Kaltham alikuwa kama kaletewa mwana mwenyewe. Alizinusa, alizitandika, alizikunja. Ya kwanza aliikwangua wiki hiyo hiyo, akaiwambia ngoma. Manyoya yalikuwa mengi, mepesi, yanaruka na upepo wa feni. Laith akamwambia kwa simu kuwa kila unyoya una uwazi ndani, ndio maana unahifadhi joto.

Hapo ndipo akapata fikra ya mto. Kwetu bibi wa kuumeni ndiye anayemshonea mtoto mto wa kwanza, na ndani hutiwa mbegu za khardali, ili kichwa kikae vizuri kisije kikawa bapa upande mmoja. Abeer alikuwa keshajifungua na mto haujakwenda, kwa sababu Kaltham alishona mitatu na yote mitatu hakuipenda. Sasa akatupa khardali, akajaza manyoya.

"Kichwa cha mtoto kilale juu ya zawadi ya ami yake," aliniambia. "Atakua anampenda."

Nikamwambia mto unanuka. Akanambia pua yangu ndiyo inayonuka.

Aliupeleka Nizwa mwenyewe, na baadaye akaenda tena mara mbili, na kila akirudi habari ni moja: "Kalalia mto wangu, wifi. Kalala fofofo." Mimi ndiye dereva wake, lakini mara zote hizo nilimshusha nikaenda sokoni kwa shughuli zangu. Kila safari ina utaratibu wake. Akitoka Ibra anampigia Abeer simu. Akifika Mudhaibi anampigia tena. Na Abeer naye, kila akimsindikiza mlangoni, humwambia, "Njoo kila siku, mama. Nyumba ni yako."

Jumatatu moja asubuhi, wiki tatu baada ya kufika zile ngozi, nilikuwa uani naanika nguo. Nikamwona Kaltham kasimama katikati ya baraza na simu sikioni. Alikuwa kasimama wima, hatikisiki, nami nikajua kuna msiba.

"Nani?" nikamuuliza.

Akanipa simu nisikilize. Ilikuwa sauti ya Laith, aliyorekodi na kutuma.

"Mama, zile ngozi usizishike. Zitie kwenye mfuko, ufunge, uwaambie watu wa afya. Huku joto la mwaka huu limezidi. Ardhi ambayo haijayeyuka tangu enzi za mababu imeyeyuka. Kuna bonde walizika wanyama waliokufa kwa maradhi zamani, miaka themanini nyuma. Udongo umelainika, na vijidudu vilivyokuwa vimelala mle vimetoka. Wanyama wamelisha pale, wanakufa. Watu wawili wamelazwa. Aliyeniuzia zile ngozi katoka bonde hilo hilo, wallah mimi sikujua. Ni al-jamra al-khabitha, mama. Nijibu."

"Kimeta," akasema Kaltham.

Neno hilo nalijua. Kule Pemba ng'ombe akifa kwa kimeta hachunwi. Huzikwa na ngozi yake, shimo refu, na watoto wanafukuzwa wasisogee. Kaltham kalijua jambo hilo tangu hajaota meno ya utu uzima. Sasa kapokea ngozi ya kimeta kwa mikono miwili na kuinusa.

"Ngoma iko wapi?" nikasema. "Tuanze na ngoma."

"Ngoma si kitu, Aliya. Yazeed!"

Nikachukua simu yangu nimpigie Abeer. Akaruka akaninyang'anya. Sijapata kumwona na nguvu zile.

"Usimwambie! Ananyonyesha. Mzazi akipata khofu maziwa yanakatika. Unataka mtoto akose na maziwa?"

"Kwa hiyo tumwache alalie kimeta?"

"Tutakwenda. Nitauchukua mto, nitasema naubadilisha foronya. Khalas. Tukishautoa pale ndiyo tutasema, taratibu, mbele ya Osama."

Maziwa ni kweli kwetu tunaamini hivyo, na mimi mwenyewe nilimfichia dada yangu msiba siku arubaini kwa ajili hiyo. Lakini wifi yangu nilimjua. Abeer kwao ni watu wa Bujumbura, kasoma, anafanya kazi benki, anasema "sori" na "no problem", na Kaltham tangu siku ya posa humwogopa kidogo. Alikuwa radhi kupita kwenye moto kuliko kumwambia mkamwana wake kuwa zawadi yake ina sumu. Ningemlazimisha apige simu. Sikumlazimisha, na mpaka leo nikikumbuka najikasirikia.

Tulitoka saa nne. Alikaa kiti cha nyuma, jambo ambalo hajapata kulifanya. Mkono wa kulia kauzungushia shela mpaka kwenye vidole, na joto lile la Septemba. Nilimwambia asogee mbele kwenye kiyoyozi, akakataa. Kila baada ya dakika tano alifungua dirisha akajimwagia maji ya chupa mkono wa kushoto, akafunga, akasoma ayat al-kursi, akafungua tena. Maji yalipokwisha alitaka nisimame dukani Mudhaibi. Nikasimama. Alirudi na chupa sita na sabuni.

"Humpigii?" nikamuuliza. Hapo ndipo anapopiga siku zote.

"Atanijua kwa sauti."

Njiani kuelekea Izki alianza kuhesabu kwa sauti. Mtoto ana siku mia na nne. Mto kaupata akiwa na siku themanini na tisa. Kwa hiyo kalala juu yake nyusiku kumi na tano. Akihesabu na usingizi wa mchana, je? Akaanza upya. Alikosea, akaanza tena. Nilitamani kumwambia anyamaze, lakini nami nilikuwa nahesabu naye moyoni, na mguu wangu ulikuwa umekandamiza mafuta mpaka gari likaanza kunipigia kengele ya mwendo. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko siku aliyokufa Khalaf, maana Khalaf alikuwa mtu mzima na alikwisha kuugua.

"Ardhi hii hii," akasema ghafla. "Umezika, umefukia, umesahau, umekufa na wewe. Ikaja kufunguka kwa mjukuu wa mtu mwingine."

Mimi barafu nimeijua kwenye friji tu.

Abeer alifungua mlango na taulo begani. Alitutazama, akatazama nyuma yetu kana kwamba kuna watu wengine.

"Mama! Shikamoo. Shikamoo, shangazi. Mbona... hamjapiga simu?"

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Yazeed alikuwa chini kwenye godoro lake sebuleni, anarusha miguu, mnene, macho meupe. Chini ya kichwa kakunjiwa kitambaa cha kufutia maziwa. Kaltham kwa kawaida humnyakua mtoto kabla hajavua viatu. Safari hii alisimama mbali naye, mikono nyuma, akamtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Abeer akaliona hilo, uso ukambadilika.

"Mto wake uko wapi?" Kaltham akauliza.

"Nimeufua, mama. Uko juu, unakauka."

"Umeufua kwa mikono?"

"Kwa mashine."

"Lini?"

"Jana. Leo, asubuhi."

"Jana au leo?"

"Mama, ni mto tu..."

Hapo mimi nikashindwa. Subira nilipewa kidogo na ile kidogo niliimaliza njiani. Nikamwambia Abeer akae, nikamwambia yote: Laith, bonde, mizoga iliyozikwa, udongo uliolainika, ngozi, manyoya. Kaltham alikuwa ananivuta nguo nyuma ninyamaze. Abeer alisikiliza hadi mwisho. Hakupiga kelele. Alimchukua mwanawe akamkumbatia, kisha akanyoosha mkono mmoja kumshika mkwewe, amvute naye akae.

"Usinishike!" Kaltham akasema, akarudi nyuma, na shela likateleza.

Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na kidonda. Katikati cheusi, kikavu, kama kipande cha mkaa kilichobandikwa. Pembeni pamevimba na pana malengelenge madogo, na uvimbe umepanda karibu na kiwiko.

"Kaltham," nikasema. "Tangu lini?"

"Ijumaa. Ile ngozi ya pili niliikwangua wiki iliyopita, nikajikata na kigae. Kiliwasha kama mbu."

"Na hukusema?"

"Hakiumi, wifi. Kingeniuma ningesema."

Abeer alikwisha kuchukua ufunguo wa gari. "Twende mustashfa. Gari yangu, kiti ya mtoto iko mule."

"Na mto," nikamkumbusha. "Watautaka. Panda ukauteremshe."

Aliniangalia, akaangalia chini. "Ninao," akasema. Hakupanda juu.

Hospitali walitutia chumba cha peke yetu mara tu waliposikia neno lile. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mtulivu, kavaa glavu na barakoa. Aliutazama mkono wa Kaltham bila kushtuka, akachukua majimaji ya kidonda, akachukua damu, akaagiza dawa ianze sasa hivi bila kungoja majibu. Alisema ugonjwa huu ukiwa wa ngozi na ukiwahiwa unapona. Anaouogopa zaidi ni ule wa kuvuta vumbi. Kwa hiyo mama huyu atalazwa, na dawa ataimeza siku sitini.

"Na mtoto?" Kaltham akasema. "Mimi niacheni. Mtoto."

Daktari akampima Yazeed, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamgeuza kichwa, akamkagua masikio na shingo. Kisha akachukua kalamu akamgeukia Abeer. Ule mto ulikuwa juu ya meza ya chuma, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, na ule mfuko ndani ya mwingine. Niliona foronya ina mikunjo ile ile ya pasi aliyoipiga Kaltham.

"Mtoto kalala nyusiku ngapi juu ya mto huu?"

Abeer akamtupia jicho mkwewe.

"Usiogope, binti yangu. Nataka hesabu ya kweli tu, ili nijue dawa."

"Hata mmoja," Abeer akasema.

"Basi kaulalia lini?"

"Mchana. Mara tatu."

"Kwa muda gani?"

"Saa moja. Mara ya pili saa moja na nusu. Mara ya tatu ilikuwa saa mbili na nusu, kwa sababu..."

"Kwa sababu gani?" Daktari hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anaandika.

"Kwa sababu mama alibaki kula chakula cha mchana."

Kalamu ikasimama. "Na siku nyingine zote mto ulikuwa wapi?"

"Butini. Garini." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Una harufu. Mama akipiga simu anakuja, nautoa. Anapiga akiwa Ibra, anapiga akiwa Mudhaibi, napata nafasi. Akiondoka naurudisha. Sikutaka kumvunja moyo."

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa kakaa. Miaka thelathini na nne nilikuwa naomba nimwone mtu huyu kakaa, na sasa nilitaka ainuke, anyooshe pazia, amwage kitu, afanye lolote. Mikono yake ilikuwa mapajani, mmoja mzima, mmoja umevimba, na haikucheza.

"Mwanangu Abeer," akasema baadaye, pole pole. "Kila nikiondoka ulikuwa unanambia nije kila siku."

"Ndiyo, mama."

"Alhamdulillahi sikukuamini."

Abeer akalia kwa sauti. Kaltham alitaka kumfuta machozi, akakumbuka mkono wake, akaurudisha. Akanambia mimi, "Mfute, wifi, unangoja nini?" Nikamfuta. Maziwa, kwa taarifa yenu, hayakukatika. Yazeed alinyonya pale pale kwenye kiti cha hospitali, mbele ya daktari.

Majibu yalikuja ni kimeta kweli. Kaltham alilazwa siku tisa. Watu wa afya walikwenda Ibra na mavazi yao meupe wakachukua ngoma, ngozi, kigae, feni, hata ufagio, na baraza wakaimwagia dawa mpaka mdimu wangu ukafa. Mimi nami nilimeza vidonge siku sitini, na Yazeed dawa ya maji siku hizo hizo. Osama alisema maneno machache na sitayarudia. Laith alilia kwenye simu, mama yake akamwambia aache ujinga, asome. Mtoto hakupata hata mafua.

Kidonda kilipona kikaacha kovu, duara kama senti ya zamani. Kwa ngoma karudi, sasa anatumia chokaa, na anasema sauti imekufa na yeye hajali. Mimi nimezisikiliza, sauti ni ile ile.

Wiki iliyopita alimaliza kushona mto mwingine. Khardali tupu, nimeipepeta mwenyewe. Tukatoka kwenda Nizwa, yeye kiti cha mbele, anafungua droo ya gari, anafunga, anapanga leso, anazipangua. Tulipokaribia Mudhaibi akatoa simu kwenye mkoba.

"Unampigia wa nini?" nikamwambia. "Twende kimya kimya leo. Tuone wenyewe mtoto kalalia nini."

"Usithubutu, Aliya."

"Hutaki kujua?"

"Najua," akasema. Akangoja simu ilie, akatengeneza sauti. "Abeer, mwanangu? Sisi tuko Mudhaibi. Tunakuja pole pole."